Injini Iliyochakaa: Itengenezwe Upya au Ibadilishwe?

Methali yetu husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, methali hiyo haituelezi ufa ukifikia upana gani ndipo ukuta ubomolewe. Swali hilo huikabili kila shule, zahanati au kijiji chenye gari ambalo injini yake imechoka. Gari hutoa moshi wa buluu, hula oili kila siku, na halipandi tena mlima likiwa na mzigo. Fundi mmoja atashauri ovahoo; mwingine atasema inunuliwe injini nyingine. Fedha ni chache, na uamuzi ukikosewa gari litasimama tena baada ya miezi michache, na mgonjwa hatafika hospitali. Makala haya yataonyesha kwamba uamuzi huo haufai kufanywa kwa kukisia. Hufanywa kwa kupima.

Injini huliwa wapi?

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka, na ringi zake huzuia gesi isipenye kwenda chini. Katika injini ya dizeli, hewa hushindiliwa mpaka joto lake likapita nyuzi 500 za Sentigredi, na joto hilo ndilo liwashalo mafuta. Ringi na silinda zikichakaa, hewa huvuja, joto hupungua, na injini huwaka kwa taabu, hasa asubuhi.

Silinda hailiki sawasawa. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, huliwa zaidi, kwa kuwa hapo shinikizo na joto ni kubwa, na utando wa oili ni mwembamba. Vumbi la barabarani huzidisha madhara, kwani chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda.

Vipimo vitatu

Kwanza, hupimwa mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko zenzake, yawezekana kosa ni la vali au gasketi tu, na hapana haja ya kufumua injini nzima. Katika injini ya petroli, kijiko cha oili kikimiminwa ndani ya silinda na mgandamizo ukapanda, basi ringi au silinda ndizo zilizochakaa. Usipopanda, vali zichunguzwe. Jaribio hili la oili lisifanywe katika injini ya dizeli.

Pili, injini ikifunguliwa, kipenyo cha silinda hupimwa juu na chini, na kwa pande mbili. Tuchukue mfano wa silinda iliyokuwa na kipenyo cha milimita 100.00. Sasa juu ina 100.18, na chini 100.02. Tofauti ya milimita 0.16 yaonekana kuwa ndogo, lakini mzingo ni kipenyo mara 3.14. Kwa hiyo ringi mpya ikitiwa humo, mwanya wake utapanuka na kufumba kwa nusu milimita kila pistoni ipandapo na kushuka. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ringi hutanuka na kubanwa mara 2,000 kwa dakika. Ndiyo sababu kubadilisha ringi peke yake katika silinda iliyoliwa ni kupoteza fedha. Silinda hiyo yahitaji kuchongwa mpaka milimita 100.50 na kutiwa pistoni za saizi hiyo, au kutiwa silivu mpya ikiwa injini ni ya aina yenye silivu.

Tatu, huchunguzwa bloki na kranki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Kranki iliyoliwa huweza kuchongwa na kutiwa beringi nene zaidi, lakini saizi hizo zina kikomo. Ikiwa kikomo kimefikiwa, au bloki ina ufa, au spea hazipatikani, basi kubadilisha injini huwa na hoja yenye nguvu.

Hesabu

Bei peke yake haitoshi; yafaa igawanywe kwa kilometa zinazotarajiwa. Mathalani, ovahoo ikigharimu shilingi 4,000,000 na kutarajiwa kwenda kilometa 100,000, kila kilometa ni shilingi 40. Injini iliyokwisha kutumika ikiuzwa shilingi 3,000,000 na kutarajiwa kwenda kilometa 50,000, kila kilometa ni shilingi 60. Iliyokuwa rahisi dukani imekuwa ghali barabarani. Makadirio ya injini hiyo nayo yategemee vipimo, si rangi yake. Aidha, zihesabiwe siku ambazo gari litakaa gereji; kwa zahanati, siku hizo zaweza kuwa na uzito kuliko shilingi.

Lililo muhimu kupita yote ni kujua chanzo cha uchakavu. Ikiwa chujio la hewa limepasuka, au rejeta huvuja, au oili haibadilishwi kwa wakati, injini mpya itakufa kama iliyotangulia.

Walimu wa fizikia na hisabati waweza kuomba silivu kuukuu katika gereji ya jirani, kuwapa wanafunzi kalipa, na kuwataka wachore grafu ya kipenyo kutoka juu hadi chini. Kwa kipande hicho cha chuma, mwanafunzi ataona jinsi milimita moja iliyogawanywa mara kumi inavyoweza kuamua hatima ya gari zima.