TNF: Mlinzi wa mwili anayeweza kugeuka adui

Mtu aliyeshikwa na malaria hutetemeka na kujifunika blanketi mbili mchana wa jua kali, kisha baada ya saa chache akalowa jasho. Wengi wetu hudhani kuwa vimelea vya malaria ndivyo vinavyoleta homa hiyo moja kwa moja. Ukweli ni kwamba vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu, mwili wako wenyewe ndio unaopiga king'ora. Sehemu kubwa ya king'ora hicho ni protini iitwayo TNF.

TNF ni mojawapo ya saitokini, yaani protini ndogo ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari. Hutengenezwa hasa na makrofaji, zile chembe nyeupe zinazomeza viini. Inapotolewa, mishipa midogo ya damu hupanuka na kupitisha maji pamoja na chembe nyingine za kinga hadi mahali palipovamiwa. Ndiyo maana kidonda chenye viini hufura, huwa chekundu na chenye joto. Ikizidi katika damu, huamsha sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili. Homa hupanda na hamu ya chakula hupotea.

Jina lake lilitokana na utafiti wa saratani. Mwaka 1975, Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao mjini New York waliwapa panya BCG, chanjo ile ile wanayodungwa watoto wetu, kisha wakawadunga sumu ya bakteria. Katika damu ya panya hao waligundua kitu kilichoua uvimbe wa saratani. Mjini humo humo, Anthony Cerami na Bruce Beutler walikuwa wakichunguza kwa nini mnyama mwenye vimelea vya aina ile inayoenezwa na mbung'o hukonda hadi akabaki mifupa. Mwaka 1985 walitangaza kwamba kinachomkondesha mnyama na kile kinachoua uvimbe ni kitu kimoja.

Boma la kifua kikuu

Faida kubwa ya TNF kwetu ni katika kupambana na kifua kikuu. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa viini vya ugonjwa huu, ingawa wengi wao hawataugua kamwe. Viini vinapoingia mapafuni, chembe za kinga huvizunguka na kujenga kitu mfano wa boma. Humo viini hulala hata miaka mingi bila mtu kukohoa wala kukonda. TNF ni miongoni mwa vitu vinavyoliimarisha boma hilo.

Upande wa pili ni madhara. Katika ugonjwa wa viungo uitwao rumatoidi, kinga hushambulia viungo vya mwili vyenyewe, na TNF huchochea uvimbe bila kukoma. Vidole na vifundo vya mikono hufura, na mgonjwa huamka asubuhi akiwa amekakamaa. Ugonjwa huu watu wengi huuita baridi yabisi, jina linalopotosha, kwani hausababishwi na baridi wala maji ya kuoga. Usipotibiwa, viungo hupinda na kuharibika.

Mwaka 1998, Marekani iliidhinisha dawa mbili za kwanza za kuzuia TNF, infliximab na etanercept. Dawa hizi zimewarejesha kazini wagonjwa wengi waliokuwa wameshindwa hata kufunga vifungo vya shati. Lakini ukimwondoa mlinzi, boma hubaki wazi. Mwaka 2001, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliximab. Nusu yao waliugua katika muda wa takriban miezi mitatu, na kwa zaidi ya nusu ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu.

Wala kuzuia TNF si tiba ya kila homa. Nchini Gambia, watoto 610 wenye malaria ya ubongo walishirikishwa katika jaribio la dawa ya kuizuia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Dawa hiyo haikupunguza vifo, na waliopona wakiwa na kasoro za ubongo au neva walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliodungwa.

Ufanye nini?

Ikiwa wewe au jamaa yako ameshauriwa kuanza sindano za aina hii, usizikatae kwa hofu. Mweleze daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu au kuishi na mtu aliyekuwa nacho. Kabla ya sindano ya kwanza, hakikisha umepimwa kwa kipimo cha ngozi au cha damu na kupigwa picha ya kifua. Upimwe pia homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huweza kuamka. Ikigunduliwa kuwa una viini vilivyolala, utapewa dawa za kuvizuia, na kwa kawaida sindano huahirishwa kwa mwezi mmoja au zaidi.

Baada ya kuanza, usingoje kikohozi. Homa isiyoisha, jasho jingi usiku, kukonda, au tezi zilizovimba shingoni ni sababu tosha ya kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Umwambie waziwazi ni dawa gani unayotumia, maana asiyejua huenda akakutibu malaria wiki nzima huku kifua kikuu kikienea.