Kalsiamu iliyopanda Kwa Mutwe

Septemba 28, 2025, tuliokuwa Kigali tuliwaona waendesha baiskeli bora duniani wakipanda barabara ya mawe ya Kwa Mutwe huku wakihema kama mvukuto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani kufanyika Afrika. Wanaume walishindana kilomita 267.5, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi. Kila mguu uliokanyaga pedali siku ile ulisubiri kwanza ruhusa ya kalsiamu.

Tumezoea kuambiwa kalsiamu ni ya mifupa na meno. Ni kweli, takriban asilimia 99 yake imehifadhiwa humo. Hiyo kidogo iliyobaki ndiyo inayotutembeza.

Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini na nyuzi nene za miosini. Vichwa vya miosini viko tayari kuikamata aktini na kuivuta, ila msuli unapopumzika haviwezi: protini nyingine, tropomiosini, imelala juu ya aktini kama kamba, imefunika mahali pa kushikia. Anayeishikilia kamba hiyo ni troponini.

Ujumbe wa neva ukifika, kalsiamu iliyofungiwa ghalani ndani ya seli humwagika. Troponini ina vitanzi vidogo vya asidi amino 12 kila kimoja. Oksijeni za kitanzi, zenye chaji hasi, huizunguka kalsiamu yenye chaji chanya na kuibana. Hapo ndipo penye ajabu, maana mbano huo mdogo huipindisha protini nzima. Hufunguka na kufichua sehemu isiyopenda maji, mfano wa mafuta. Sehemu hiyo hunasa mkia wa protini jirani, kamba husogea, miosini hushika, msuli hukaza. Kalsiamu ikirudishwa ghalani, msuli hulegea. Moyo wako unafanya hivyo sasa hivi, unaposoma.

Dalili ya kwanza ya kazi hii ya kalsiamu ilipatikana London. Mwaka 1883 daktari Sydney Ringer alieleza kwamba moyo wa chura ulidunda vizuri katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ulififia katika yale ya maji yaliyokenekwa. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu. Troponini yenyewe iligunduliwa miaka ya 1960 na Setsuro Ebashi na wenzake, Japani.

Leo jina hilo linasikika hospitalini. Moyo una troponini za aina yake, na seli zake zikifa kwa kukosa damu, troponini huvujia kwenye mzunguko wa damu. Ndiyo maana mwenye maumivu ya kifua hutolewa damu ipimwe, na mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya saa chache, kwa kuwa troponini huchukua muda kupanda.

Kwa hiyo kifua kikikubana, maumivu yakasambaa mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likakutoka, usingoje kupambazuke. Ukiwa Rwanda, piga 912 uitiwe gari la wagonjwa.