Kilatini kinavyowaelekeza madaktari mwilini

MGONJWA akilazwa chali, kichwa hakiko 'juu' tena wala miguu haiko 'chini'. Maneno mengi ya Kilatini yanayotumiwa katika anatomia huepusha utata huo kwa kufuata viungo vyenyewe.

'Venter' ni tumbo na 'dorsum' ni mgongo. Hivyo basi, upande wa tumbo huitwa ventrali na ule wa mgongo dosali. Kwa ng'ombe, upande wa ventrali hutazama ardhi. Kwa binadamu aliyesimama hutazama mbele, ilhali jina ni lile lile. 'Latus' nayo ni ubavu. Ajabu ni kwamba 'cauda', yaani mkia, humhusu hata binadamu asiye nao: mwelekeo wa kuteremka uti wa mgongo huitwa kaudali.

Hatari kubwa imo katika 'dexter', kulia, na 'sinister', kushoto. Pande hizo ni za mgonjwa, si za daktari anayemtazama. Katika picha ya eksirei ya kifua, pafu la kushoto kwa kawaida huonekana mkono wa kulia wa anayeisoma. Akisahau hilo, kisu chaweza kupasua pafu lisilo na ugonjwa.