Pindo la Bibi

Picha ya bibi yangu ilikaa kwenye fremu ya bati kwa zaidi ya miaka 40, ukutani kwa mama, nyumbani Ngamiani, Tanga. Masika ya mwaka juzi tukaona doa linang'aa begani kwake, mfano wa tone la mafuta. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu mjini. Akafungua mgongo, akaivuta, na kipande cha bega kikabaki kwenye kioo.

Sababu niliijua baadaye. Picha za zamani za studio zina utando wa jelatini, kitu kinachochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Unyevu ukizidi, na sisi watu wa pwani tunaujua unyevu, utando ule hulainika, hulala kwenye kioo, kisha hukauka ukiwa umegandana nacho. Picha ya namna hiyo haivutwi kabisa. Huachwa hapo hapo kwenye kioo chake na kuskaniwa ikiwa ndani. Laiti ningelijua hilo siku ile.

Tuliskani kilichobaki. Kijana wa duka la kuchapisha akaliziba lile bega kwa kompyuta, taratibu, kwa saa nzima, akatutolea nakala safi ya sentimita 13 kwa 18. Ya asili nimeifunga kwenye karatasi nyeupe na kuiweka kabatini. Kwa nakala hii mpya nikaapa kwamba fremu nitaitengeneza mwenyewe.

Zile za dukani nilizitazama. Nyingi zina maua ya plastiki yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na nilipoishikilia picha ya bibi ndani ya mojawapo, jicho langu lilikwenda kwenye maua. Yeye alikuwa mshonaji. Alikaa nyuma ya cherehani maisha yake yote, na siku aliyokwenda studio, miaka ya 1960, alivaa kanga mpya doti nzima, moja mwilini na moja kichwani, mkono mmoja ameuweka juu ya mgongo wa kiti. Watu wa wakati ule walikwenda kupigwa picha kama wanaokwenda harusini. Ukiingia Capital Art Studio, Mtaa wa Kenyatta, Mji Mkongwe wa Zanzibar, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, utawaona ukutani kwa nyeusi na nyeupe, wamesimama wima, wamejiandaa. Leo simu zetu zina mamia ya picha za mtu mmoja, na siku akifariki tunahangaika usiku kutafuta moja ya kuweka sebuleni.

Kanga ya bibi ndiyo iliyonipa njia. Kila kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Pindo zuri haligombani na mji. Linarudia umbo moja dogo, tena na tena, mpaka jicho litulie na kuingia ndani. Nikajiambia: fremu ni pindo, na bibi ndiye mji.

Na zamani pindo lilipigwa kwa muhuri. Kabla mashine hazijachukua kazi hiyo, walikuwako mafundi waliopiga nakshi kwa mkono juu ya merikani, ile pamba iliyokuja Zanzibar kwa merikebu kutoka Marekani katika karne ya 19. Ghana, katika mji wa Ntonso, hadi leo wanachonga mihuri kwenye vipande vya kibuyu, wanachovya kwenye wino mweusi uliochemshwa kutokana na magome ya mti mpaka ukawa mzito, na kupiga vitambaa vya adinkra. Kwa kuwa kibuyu kimepinda, muhuri haukandamizwi wote kwa pamoja. Unalazwa upande huu, unabiringishwa kidogo, unanyanyuliwa upande wa pili. Ujanja huo umenifaa sana, nitaueleza.

Mbao nilikatiwa na seremala wa jirani: msonobari, upana wa sentimita 7, kona zote nyuzi 45. Nilimwomba aziache bapa, bila mfereji wala tuta, kwa sababu muhuri hautulii kwenye mbao yenye mabonde. Tukaunganisha kwa gundi ya mbao, tukabana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa pande zote, tukaacha mpaka asubuhi. Msasa namba 120, kisha 220. Rangi ya maji nyeupe ya maziwa, mikono miwili.

Siku ya mihuri alikuja binti wa kaka yangu, ana miaka 9, na mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Umbo tulilichagua kwenye kanga yenyewe: korosho, lile tone lililojikunja ncha ambalo kila mtu anayevaa kanga analifahamu. Tulianza na kiazi mviringo. Unakikata katikati kwa kisu kikali, mkato mmoja usiorudiwa, maana ukirudia uso unakuwa na ngazi. Unachora korosho kwa kalamu, unaondoa nyama ya pembeni kina cha nusu sentimita. Halafu unakifuta. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kiazi kina maji, na maji yale yakichanganyika na rangi, alama inatoka imetapakaa. Sisi tulikilaza kifudifudi juu ya kitambaa kikavu robo saa nzima, tukibadilisha kitambaa.

Rangi haichovywi. Inapakwa kwa kipande cha sponji, utando mwembamba tu. Mapigo ya kwanza yalikwenda kwenye gazeti. Pigo la kwanza likatoka zito, limeziba ile ncha. La pili likatoka zuri, pembe zote zinaonekana. La tatu likafifia katikati, na ndani yake ikaonekana mistari ya kiazi chenyewe, mithili ya nyuzi za kitambaa. Nililipenda hilo la tatu kuliko yote. Mtoto hakulipenda.

"Shangazi, hii haijakolea. Tuirudie?"

Nikamwonyesha kanga ya bibi, kipande kilichobaki. Kila korosho ndani yake ilikuwa sawasawa na mwenzake, kazi ya mashine. Kisha nikamwonyesha gazeti letu. Akaangalia muda, akasema korosho zetu zinaonekana kama zinatembea. Hatukuirudia.

Kiazi hudumu siku moja, kesho yake kimenywea. Kwa hiyo muhuri wa kazi yenyewe tulichonga kwenye soli ya kandambili iliyokatika, kwa wembe wa kukatia karatasi, tukaugandisha kwenye kibao kidogo. Soli ya kandambili ni kitu cha ajabu: laini ya kutosha kushika rangi, ngumu ya kutosha kushika ncha. Hapo ndipo nilipokumbuka kibuyu. Tulipoukandamiza wote kwa pamoja, rangi ilikimbilia pembeni na kuacha ukingo mnene. Tulipoulaza na kuubiringisha, alama ikakaa.

Anza na kona nne. Halafu piga katikati ya kila upande, halafu gawa nafasi zilizobaki. Nimeona kazi nyingi nzuri zikianzia kona moja na kutembea mpaka mwisho, halafu mwishoni kunabaki nafasi ya nusu korosho, na nusu hiyo ndiyo kila mgeni anaiona.

Mapambo yalinishinda kwa siku mbili. Nilikuwa na shanga, nilikuwa na simbi ndogo za pwani, nilikuwa na lesi. Nikavipanga vyote bila gundi, nikarudi nyuma hatua tatu, na bibi alikuwa amepotea tena, kama kwenye zile fremu za dukani. Nikavitoa kimoja kimoja. Vikabaki viwili tu: utepe mwembamba wa kanga yake, uliobandikwa kuzunguka ukingo wa ndani kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, na vifungo kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga alimokuwa akiviweka karibu na cherehani. Vifungo saba, vyote upande wa chini, kila kimoja cha nguo ya mtu mwingine.

Na jina. Kanga bila jina tungeiona pungufu, basi binti akalichonga jina la bibi kwenye raba za shule, herufi moja kila raba. Muhuri huandika kinyume, na hilo alilijua, lakini jina lina S mbili na zote mbili zilitoka zimegeuka. Akachonga nyingine bila kuambiwa. Jina liko chini ya picha, juu ya vifungo, kwa rangi nyekundu ya kanga.

Tulisubiri siku mbili nzima kabla ya vanishi, kwa sababu rangi ya maji isiyokauka vizuri huvurugika brashi ikipita. Tulitumia vanishi ya maji. Ile ya mafuta huugeuza weupe kuwa manjano. Kisha likaja jambo nililoliwaza tangu siku ya kwanza: vipande vyembamba vya kadi nyeupe pande zote nne, kati ya picha na kioo, ili visigusane tena kamwe. Mgongo si wa boksi, maana boksi la kahawia lina asidi na huozesha karatasi polepole.

Ijumaa jioni tukaitundika, ukuta usiopigwa na jua. Mama alikuwa kitini. Hakusema kitu. Akanyanyuka, akapitisha kidole kwenye vifungo, akakifikia cha nne, cha buluu.

"Hiki kilikuwa cha gauni langu la Idi."

Kisha akarudi kukaa, akainua macho, akatikisa kichwa. "Mwanangu, shusha msumari shubiri mbili. Hapo mpaka nisimame ndipo nimwone."

Nikachukua nyundo.