Mpe bakuli lake

Katika nyumba nyingi kati ya Arua na Koboko, hapa Uganda, mtoto wa miaka miwili huanza kuitwa mkorofi saa tisa alasiri. Anajigaragaza vumbini kwa sababu kikombe alicholetewa sicho alichokitaka. Anamuuma dada yake begani. Chakula kikija anakisusa, na jirani anayepita anatikisa kichwa: huyu mmemdekeza. Kabla hatujaihukumu tabia yake, nashauri tuhesabu kilichoingia tumboni mwake tangu alfajiri. Mara nyingi ni chai ya rangi na nusu andazi, pengine embe aliloliokota uani kama ni msimu wake, halafu subira ndefu mpaka mama arudi kutoka shambani au sokoni na kuinjika sufuria. Mlo wenyewe wa nguvu unaiva saa mbili usiku. Saa hiyo yeye ameshalala, au anaamshwa huku macho hayafunguki, kisha tunashangaa kwamba hataki kutafuna.

Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limeshauri milo mitatu hadi minne kwa siku kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, na kitafunwa katikati mara moja au mbili akihitaji. Tumbo lake ni dogo. Mtu mzima anaweza kulima tangu asubuhi, akala mara moja na akafidia. Mtoto wa miaka miwili hana mahali pa kuweka akiba hiyo, na njaa ikimshika hajui kuitaja. Huko Arua anasikia Kilugbara nyumbani, Kiswahili na Lingala sokoni. Koboko anasikia Kikakwa, Kinubi na Kiarabu cha Juba. Anaelewa mengi kuliko tunavyodhani, ila maneno anayoweza kuyatoa mwenyewe bado ni machache. Kwa hiyo analia, anapiga teke, anatupa kijiko. Nimesikia watu wazima wakiita hilo kiburi, na kila mara naona tunamwonea.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawakuambiwa. Mtoto hutimiza mwaka wa kwanza akiwa na uzito wa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili mwendo unapungua ghafla: anaongeza kilo 2 hadi 2.5 hivi kwa miezi yote 12. Hamu ya kula nayo inapungua, na leo anaweza kula sana, kesho akaonja tu na kusukuma bakuli. Karibu na umri wa miaka miwili pia anaanza kuogopa vyakula asivyovizoea. Ile mboga aliyokuwa akiimeza bila neno akiwa na miezi minane sasa anaitema. Hakuna aliyemroga, wala mama hakukosea mapishi.

Sasa tuangalie sinia lenyewe. Enyasa inapakuliwa ya moto, imefinyangwa vizuri kutokana na unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, rangi yake ya kahawia, na kando yake bakuli la majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta uliosagwa, au angara, samaki aliyekaushwa na kupikwa kwa karanga. Watoto wanaizunguka. Wakubwa wanamega, wanabonyeza kwa kidole gumba, wanachovya, wanameza, mkono umesharudi. Mdogo anagusa, inamuunguza, anarudisha mkono na kuupuliza. Akipata tonge ni kubwa kuliko mdomo wake na linanata kaakaani. Akijaribu samaki anakutana na mwiba. Anapoanza kuelewa namna ya kula, sinia limebaki na mikwaruzo. Mama akiulizwa anajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba mtoto amekula na wenzake. Alikaa na wenzake, hilo ni kweli.

Ndiyo maana ushauri ninaoupenda kuliko mwingine wote ni ule wa gharama ndogo kabisa: mtoto apewe bakuli lake mwenyewe. Kula pamoja ni jambo jema, na abaki palepale mkekani na ndugu zake. Lakini chakula chake kiwe pembeni, kimepozwa, matonge yamekatwa madogo, angara imetolewa miiba na kusagwa ndani ya mchuzi. Akimaliza utajua. Akiacha nusu utajua kaacha nusu. Siku tatu za kutazama bakuli hilo zinamfundisha mama mengi kuliko maneno ya shangazi zake wote. Kile kijiko cha ufuta au karanga kiongezwe kwenye lake kwanza, kwa sababu muhogo unajaza tumbo upesi ilhali protini yake ni kidogo mno. Na bakuli hilo lisingoje saa mbili usiku. Kama kuna uji wa mtama wenye unga wa dagaa au karanga unaoweza kuchemshwa saa tisa, ule ugomvi wa alasiri huenda usiwepo.

Adui mkubwa wa bakuli hilo ni upendo wa watu wazima. Panda taksi kutoka Arua, ipite Maracha kwenda Koboko kwenye lami inayoanzia Vurra hadi Oraba. Mtoto analia mapajani kwa mama, joto kali, abiria wamebanana. Mzee wa kiti cha nyuma anatoa biskuti. Mama mwingine ana pipi. Kabla hawajafika ameshakunywa na soda nusu chupa, ametulia, gari zima limefurahi. Wakiteremka, bibi amewapikia kuku, na mtoto hataki hata kuonja. Bibi anaumia, mama anaona aibu, mtoto anachapwa kofi la mkono. Hakuna mtu mbaya katika gari lile. Ila mtoto amejifunza kwamba kilio ni bei ya biskuti, na kesho atakuja kununua tena.

Miaka ya 1920 na 1930 daktari wa Marekani, Clara Davis, aliwaacha watoto 15 waliokuwa ndiyo kwanza wanaachishwa ziwa wajichagulie chakula wenyewe. Muuguzi hakuruhusiwa kuwahimiza wala kuwakataza. Siku nyingine walikula vitu vya ajabu, lakini kwa miezi na miezi walikua vizuri. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama uthibitisho kwamba mtoto anajua kinachomfaa. Wanasahau orodha: vyakula 34 vyote vilikuwa vya asili, hakukuwa na andazi wala sukari. Daktari ndiye aliyechagua kitakachokuwa mezani. Mtoto alichagua kiasi. Mgawo huo wa kazi naukubali kabisa. Kazi yetu ni kuleta chakula kinachofaa kwa saa inayofaa. Ni kiasi gani kitaingia, hilo tumwachie.

Kumlazimisha ni jambo baya, na naomba tuseme wazi. Bado wako wanaomlaza mtoto mapajani, wakambana pua ili akifungua mdomo avute hewa wamimine uji. Uji unaweza kuingia mapafuni. Hata usipoingia, mtoto anajifunza kuuogopa ule mkono unaopaswa kumlisha.

Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia za akina mama 26 katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akitazama wanavyoishi na watoto wao wachanga. Kitabu alichoandika kilitoka mwaka 1967. Jambo moja aliloliona linanigusa: mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, hulia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, ndiye ambaye mtoto wake mara nyingi alionekana ana utulivu zaidi naye. Nalifikiria sana ninapoona mtoto anaachishwa ziwa kwa siku moja, titi limepakwa pilipili, au anapelekwa kwa bibi kijijini asahau, kwa sababu mama ana mimba nyingine. Mtoto huyo amenyang'anywa chakula, usingizi na kifua cha mama kwa mpigo. Atanuna wiki nzima. Kumwachisha polepole, na kumwacha na mtu anayemfahamu, kunapunguza machungu hayo.

Hasira zenyewe zikija, aondolewe penye hatari, sigiri au barabara ya boda boda, kisha mtu akae karibu yake kimya. Kubishana na mtoto anayepiga kelele ni kupoteza pumzi. Akitulia, maji, bakuli, na maisha yanaendelea. Muhimu ni kwamba nyumba yote inatakiwa ikubaliane, baba pia. Mama akikataa pipi na baba akaitoa mfukoni, wamerudi walikotoka.

Yote haya yana mpaka, na mpaka huo katika eneo letu hauko mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 26 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika kambi za wakimbizi za Rhino, Imvepi na Lobule, mama aliyepunguziwa mgawo hana nafasi ya kubembeleza mtoto anayechagua. Na malaria, minyoo, vidonda vya mdomo, upungufu wa damu, vyote huua hamu ya kula na kumfanya mtoto awe wa kulialia bila sababu unayoiona. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, ana utepe wa kupimia mkono juu ya kiwiko: kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano. Miguu yote miwili ikivimba, usingoje kesho.

Kwenye kituo cha afya, mtoto ambaye utepe umeonyesha nyekundu hupimwa hata hamu yake ya kula. Mama ananawa mikono, anakaa naye pembeni pasipo kelele, wanafungua pakiti ya karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Hakuna kumshurutisha. Maji safi yako karibu, muda unaweza kufika saa nzima. Anayeilamba vya kutosha, na hana ugonjwa mwingine mzito, hupewa pakiti za wiki aende nazo nyumbani. Anayegeuza uso hata kwa kitu kitamu kama hicho hulazwa, maana kukataa kwake ni ugonjwa. Na kwa ile minyoo, dawa hutolewa pamoja na vitamini A kila Aprili na Oktoba, bila malipo.

Kama hana homa, anacheza, na uzito kwenye kadi unapanda, basi bamia aliyoitema leo ipikwe tena keshokutwa na awekewe kijiko kimoja bila hotuba. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukikubali, na mama wengi hukata tamaa mara ya tatu.