Rafiki wa Simuni, Mgeni wa Barazani

Chukulia mama kijana wa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza miezi saba iliyopita. Tangu siku za mwanzo za uzazi wake amekuwamo katika kundi la WhatsApp la akina mama wenye watoto wachanga. Usiku wa manane, mtoto anapokataa kulala, huandika maneno mawili matatu, na mara mwenzake wa Mjini Mkongwe, aliye macho kama yeye, humjibu. Wameshauriana juu ya homa, chanjo, uji wa kwanza na wakwe, lakini hawajapata kuonana hata siku moja. Sasa mmoja wao amependekeza wakutane Jumapili alasiri katika bustani ya Forodhani, kila mmoja na mtoto wake. Mama wa Makunduchi alijibu, "Inshallah nitakuja." Usiku wa Jumamosi anaandika ujumbe mwingine, ila bado hajautuma: mtoto ana mafua, hawataweza kuja. Mtoto hana mafua.

Safari haimtishi, kwani daladala za mjini zipo. Kinachomtisha ni macho ya watu. Simuni anajulikana kwa maneno aliyoyapima na picha alizozichagua. Kesho wenzake wataliona buibui lake lililopauka, wataisikia lafudhi yake ya Kikae, na watamwona mtoto ambaye bado hajaweza kukaa peke yake. Zaidi ya hayo ana siri. Kundi zima lilipokubaliana kwamba mtoto asipewe chochote ila maziwa ya mama kwa miezi 6 ya mwanzo, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, naye aliunga mkono. Lakini mtoto alipofika mwezi wa tatu, kwa kumridhisha mkwewe, alimpa maji. Anaamini kwamba akikaa nao saa moja tu, watatambua kuwa yeye si mama waliyemdhania.

Hofu ya namna hii imechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi, na ambao hata hivyo waliamini kwamba wamewahadaa watu na kwamba siku moja watafichuliwa. Malezi nayo huipa hofu hiyo nafasi kubwa, kwa sababu hakuna cheti kinachomthibitishia mzazi kwamba anafanya vyema. Hubaki kujipima kwa watoto wa wenzake, na kipimo hicho hupotosha. Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, watoto wenye afya njema huanza kukaa bila ya kushikwa wakati wowote kati ya takriban miezi 4 na 9. Mtoto wa Makunduchi hajachelewa.

Hakimu aliye moyoni

Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha katika jarida la Psychological Science uchunguzi unaogusa moja kwa moja usiku ule wa Jumamosi. Watu wasiojuana waliketi wawili wawili wakazungumza kwa muda mfupi. Kisha kila mmoja aliulizwa amempenda mwenzake kwa kiasi gani, na anadhani yeye mwenyewe amependwa kwa kiasi gani. Kwa wastani, watu walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Kwa wenye haya pengo hilo lilikuwa pana zaidi, na miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioishi bweni moja lilidumu kwa miezi kadhaa. Baada ya mazungumzo mtu huyarudia makosa yake moyoni: neno lililomponyoka, kicheko kilichochelewa. Mwenzake hakuwa akiyahesabu.

Faida ya matokeo hayo kwa mzazi ni kubwa. Ile sauti inayosema "hawakunipenda" baada ya mkutano wa kwanza ni shahidi dhaifu, na haifai kutegemewa peke yake katika kuamua kama mtu arudi au asirudi.

Wakati mgeni alipokuja mwenyewe

Katika mila za Unguja, mzazi hakuwa na haja ya kutoka kuwatafuta wenzake. Kwa siku arubaini alikaa ndani, akikandwa kwa maji moto na kupikiwa uji wa pilipili manga, na jamaa na majirani wakaja kumtazama. Walimkuta nywele hazijasukwa, kanga imelowa maziwa na mtoto analia, na hakuna aliyetarajia vinginevyo. Mazoea yalianza mtu akiwa katika uchovu wake, kwa hiyo hapakuwa na sura ya kulinda.

Urafiki wa simuni umeupindua utaratibu huo. Sura hutangulia, mtu akafuata, na mzazi aliyechoka ndiye atakiwaye kufunga safari. Mashaka yanayomkuta njiani si dalili ya udhaifu wa tabia. Yanatokana na kuombwa afanye jambo ambalo bibi yake hakuwahi kuombwa.

Hasara ya kubaki nyumbani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni duniani hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufikia asilimia 19.8. Kukosa msaada wa watu ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo. Ujumbe wa simu hufariji, lakini hauwezi kumpakata mtoto ili mama apate kukoga, wala kuuona uso uliokonda wa mtu aandikaye kwamba hajambo.

Nguvu ya kukaa na mtu imethibitishwa si mbali na hapa. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Friendship Bench, ambamo wanawake wazee waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye benchi la kliniki na kuwasikiliza. Tatizo wanalolishughulikia Washona huliita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Katika uchunguzi uliofanywa Harare kwa watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliosaidiwa kwa njia hiyo, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar pia. Katika mji wenye baraza za mawe mbele ya nyumba zake, wazo la kupata nafuu kwa kukaa na mtu si geni.

Hatua ndogo

Anayesumbuliwa na mashaka haya hahitaji kungoja yaondoke ndipo atoke, kwani aghalabu hupungua baada ya kwenda. Inafaa aanze na mtu mmoja kabla ya kundi, na kwa ujumbe wa sauti kabla ya kuonana, ili lafudhi yake isiwe jambo jipya. Muda upangwe mapema, saa moja ikitosha. Mahali pawe pa wazi, penye watu, mchana, na nyumbani wajue anakokwenda. Wenyeji nao waepuke mashindano ya mavazi na vyakula, kwani hayo humfukuza mwenye uwezo mdogo.

Lenye manufaa zaidi ni kusema mapema neno moja la kweli. Anayeficha kwamba alimpa mtoto maji hapati wa kumshauri. Anayelisema kliniki ataelezwa la kufanya sasa: kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vya nyongeza, hadi miaka 2 au zaidi.

Hata hivyo, si kila kujitenga ni haya. Huzuni au kukosa raha kwa wiki mbili, au kukosa usingizi hata mtoto alalapo, ni mambo ya kupelekwa kituo cha afya. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto hayangojwi hata siku moja. Tangu mwaka 1987 wahudumu wa afya wana dodoso la Edinburgh, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, linalosaidia kuitambua sonona ya wazazi. Kwa Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu hutibu maradhi ya akili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama wa Makunduchi anapoushika ujumbe wake wa mafua, hajui kwamba yule wa Mjini Mkongwe naye huenda amebadilisha nguo mara tatu, akihofu kuonekana ameshindwa. Akiufuta ujumbe ule na kupanda daladala, watakuwa wawili wanaopona.