Fahamu: Kununua hisa ukiwa Nanyuki

Tangu Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi (NSE) linaruhusu mtu kununua hata hisa moja. Awali ilibidi uanze na hisa 100. Muuza viazi wa Nanyuki sasa anaweza kuanza na pesa kidogo sana.

Hisa ni nini?

Ni kipande cha umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida inaweza kukupa gawio, ambalo Mkenya hukatwa kodi ya asilimia 5. Si lazima itoe.

Nafunguaje akaunti?

Akaunti ya CDS, inayohifadhi hisa zako kielektroniki, hufunguliwa kupitia dalali wa hisa aliyeidhinishwa, na safari ya Nairobi si lazima, kwani wapo wanaohudumia wateja kwa simu. Uliza ada kwanza: ukinunua hisa mojamoja, gharama ya kutuma pesa yaweza kumeza faida yote.

Bei ikishuka?

Hapa ndipo wengi walipoumia. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa za Safaricom kwa shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine wakiwa na pesa za mkopo. Mapema 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa alilipa riba huku hisa zikinyauka. Aliyevumilia aliziona zikipita shilingi 40 mwaka 2021. Karo ya Januari isiingie humu kamwe.

Dalali akifilisika?

Kuna mfuko wa fidia chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, unaolipa hadi shilingi 50,000. Hasara ya bei kushuka haufidii.